Fanusi ya Msaliti

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Rosenda Madlangsakay alifagia maranda chini ya meza ya babu yake. Aliyazoa, akayamwaga kwenye banda la kuku, kisha akarudi kula wali wa jana uliokaangwa kwa kitunguu saumu, pamoja na samaki mkavu kama yupo. Mji wetu wa Lanotan, kando ya ziwa, ni mji wa wachongaji. Karibu kila nyumba huchonga watakatifu wa mti kwa ajili ya makanisa, na watakatifu wasiponunuliwa, huchonga bata. Babu yake Senda, maana ndivyo sote tulivyomwita huyo msichana, alikuwa fundi wa nyuso. Wengine walichonga mwili wakamletea yeye amalizie kichwa, kwa kuwa mtakatifu mwenye uso mbaya hapati mtu wa kumwomba.

Mzee Elpidio, huyo babu, alijua pia kazi nyingine ambayo mafundi wa Lanotan hawaitaji mbele ya padri. Alijua kuzeesha mti. Matajiri wa Manila walipenda watakatifu wa kale, na watakatifu wa kale walikuwa wamekwisha siku nyingi. Basi mtakatifu mpya alipakwa chai nzito, akafukizwa moshi wa makumbi ya nazi, akafukiwa kwa muda kwenye uchafu wa banda la kuku, na alipotoka humo alikuwa mzee kuliko padri mwenyewe. Hakuna aliyeona dhambi. Matajiri walifurahi, na kuku hawakulalamika.

Njia ya kwenda shule ilipita mbele ya jengo la manispaa. Barazani palikuwa na kabati la kioo, na ndani yake fanusi moja ya mti, nyeusi, iliyotobolewatobolewa na wadudu. Chini yake kibao kiliandikwa: Fanusi ya Msaliti. Kila mtoto wa Lanotan aliijua habari yake kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Wakati wa vita na Wamarekani, Kapitan Gavino na watu wake walijificha ng'ambo ya daraja. Mvuvi mmoja aliyeitwa Moheng akainua fanusi ile gizani kuwaonyesha askari mahali pa kuvuka. Kapitan akafia darajani.

Kila mwaka, siku moja kabla ya sikukuu ya mtakatifu wa mji, habari hiyo ilichezwa jukwaani uwanjani. Moheng alipoinua fanusi, watu walimtupia maganda ya ndizi. Hakuna aliyeitaka sehemu hiyo, kwa hiyo ilipewa mwanamume aliyeoa mjini karibuni, ambaye hakujua bado.

Moheng alikuwa baba yake Mzee Elpidio. Senda alikuwa kitukuu cha msaliti, na Nonong, mwana wa Meya, hakumruhusu asahau.

"Senda, mbona darasani giza?" Nonong alisema asubuhi moja. "Hebu tuwashie taa."

"Mwambie baba yako," Senda akajibu. "Umeme wa mji mzima uko mfukoni mwake."

Darasa likacheka, na Senda akacheka nao. Alikuwa na ulimi mwepesi. Lakini alipokaa kwenye dawati lake alikuwa akibana kidole gumba ndani ya ngumi, kama alivyofanya kila siku.

Siku hiyo Mwalimu Fructuosa aliingia na habari. Profesa Crisanto Dimayuga wa Manila angekuja Lanotan juma lililofuata. Alikuwa anaandika kitabu kipya cha historia ya nchi, kitakachosomwa katika shule zote, na alitaka kuandika habari za daraja letu.

"Kila mmoja alete kitu cha kale kutoka nyumbani," Mwalimu alisema. "Kitu chenye habari. Siyo sufuria iliyotoboka, Berting, nakujua."

"Ataandika na habari za Moheng?" Nonong akauliza, huku akimtazama Senda.

"Bila shaka ataandika habari yote ya daraja."

Senda hakusikia kilichofuata. Mchezo ulichezwa mara moja kwa mwaka, tena Lanotan peke yake. Kitabu kingesomwa kila siku, kaskazini mpaka kusini. Popote ambapo angetaja jina la Madlangsakay, mtu angeuliza kama yeye ni wa wale wa fanusi.

Aliporudi nyumbani aliuchukua mkono wa babu yake, akaugusisha kwenye paji la uso wake kama ilivyo adabu, kisha akauliza kabla hata ya kuuachia.

"Babu, baba yako alifanya kweli?"

Mzee Elpidio alikuwa anachonga pua ya Mtakatifu Roko. Aliendelea na pua. "Nilikuwa nanyonya."

"Mama yako hakukwambia?"

"Mama yangu aliniambia nile ninyamaze."

"Hakuna kitu chake kilichobaki?"

Babu akanyoosha midomo kuelekea ukutani, maana mikono ilikuwa na kazi. Pale ukutani palining'inia kata ya mti ya kukumbia maji mtumbwini, imeliwa pembeni, haina rangi.

"Kata tu?"

"Alikuwa mvuvi. Ulitaka aache taji?"

Senda aliitazama ile kata. Ilikuwa kitu cha kuchekwa, mbaya kuliko sufuria ya Berting. Akatoka kwenda nyuma ya nyumba, na huko ndiko alikoanza kazi yake.

Alichagua kipande cha mti kilichobaki kwenye mguu wa malaika. Akachonga ala ya panga, nyembamba, nzuri, yenye jua linalochomoza. Chini ya jua akachonga maneno: Kwa ndugu yangu Moheng, kutoka kwa Gavino. Akaipaka chai mpaka kopo la majani likaisha. Akaining'iniza juu ya moshi. Akatoboa matundu ya wadudu kwa sindano ya kushonea magunia, akiipasha moto kwanza. Kisha akaifukia kwenye banda la kuku na kuomba mvua. Mvua ikanyesha. Alipoifukua, hata yeye aliyeichonga alihisi ameikuta humo.

Profesa alifika kwa basi, na mwavuli mmoja. Meya alikuwa amepanga bendi ya matarumbeta na nguruwe mzima wa kuchoma. Lakini Profesa alishukia sokoni. Alikaa juu ya kreti pamoja na wauza samaki, akawauliza bibi zao walipika nini wakati wa vita, chumvi waliipata wapi, maiti waliziosha vipi. Wanawake walimweleza mpaka jua likawa kichwani. Nguruwe akapoa, na Meya naye hakuwa na furaha.

Alasiri alikuja shuleni. Mezani kwa Mwalimu Fructuosa palikuwa na kopo la faini, kwa kuwa shuleni tulipaswa kusema Kiingereza, na kila aliyeteleza akasema Kitagalogi, lugha yetu, alitumbukiza senti. Profesa alisimama mbele ya darasa, akatusalimu kwa Kitagalogi safi cha nyumbani, kisha akatoa senti mfukoni na kuitumbukiza. Akaongeza nyingine chache.

"Hizi ni za maneno yajayo, Mwalimu," akasema. "Nina mengi."

Mwalimu Fructuosa alikuwa na uso wa mtu aliyemeza pilipili kanisani.

"Haya, niambieni," Profesa akaendelea. "Historia yetu ilianza lini?"

Nonong akasimama. "Wahispania waliposhuka melini, Profesa."

"Na kabla ya hapo tulikuwa tunafanya nini?"

Berting akajibu kutoka nyuma: "Tulikuwa tunawasubiri."

Darasa lilicheka. Profesa hakucheka.

"Ndivyo nilivyofundishwa mimi pia," alisema. "Kwamba babu zetu walikaa ufukweni, mikono mapajani, karne baada ya karne, wakimsubiri mgeni ashuke ndipo nao waanze kuishi. Vitabu vile viliandikwa kutokea melini, ndiyo maana ndani yake sisi ni watu wadogo wa mbali. Mimi naandika kutokea nchi kavu. Katika kitabu changu watu wa visiwa hivi wako nyumbani kwao tangu ukurasa wa kwanza, wanalima, wanagombana, wanaoana. Mgeni anapopiga hodi, wao ndio wanaomfungulia. Au wanaokataa kumfungulia."

Baada ya hapo watoto walileta vitu vyao. Palikuwa na kitana cha pembe, mbuzi ya kukunia nazi, picha ya mtu mwenye masharubu ambaye hakuna aliyemjua. Profesa aliuliza kila mtoto swali lilelile: nani alikishika, na wewe umejuaje? Wengi walijua la kwanza wakakwama kwenye la pili.

Senda aliweka ala mezani.

Profesa aliisoma, akaisoma tena. Alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. "Moheng," alisema. "Yule wa fanusi?"

"Ni baba wa babu yangu."

"Na Kapitan alimwita ndugu."

Darasa zima likamgeukia Senda, na kwa mara ya kwanza hakukuwa na kicheko katika macho yao.

"Nimekuja Lanotan kutafuta kitu kama hiki," Profesa akasema polepole. "Ndiyo sababu sitakiandika leo. Kitu kikinifurahisha mno, huwa nakilaza kwanza. Kesho asubuhi nitakuwa manispaa kuitazama fanusi. Njoo nacho, tukitazame juani." Akamrudishia mikononi mwake.

Njiani Nonong alimfuata Senda mpaka kwenye kona ya soko. Hapo akanunua yai la bata la kuchemsha, akalimenya, akampa nusu. Kwa Nonong, hiyo ilikuwa hotuba nzima ya kuomba msamaha. Senda akala. Lilikuwa na chumvi ya kutosha, lakini alilila akitazama chini.

Nyumbani, jua lilikuwa bado juu ya ziwa. Mzee Elpidio alikuwa amesimama kando ya banda.

"Kuku wangu wameacha kutaga," alisema. "Kuna mtu amefukua chini yao. Na chai yangu nimeitafuta tangu juzi."

Senda alitoa ala kwenye mkoba, akampa. Hapakuwa na njia nyingine. Babu akaigeuza, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. Alisoma maneno, na uso wake haukubadilika.

"Jua limekaa vizuri," alisema. "Herufi pia. Chai imezidi upande huu. Lakini haya matundu, Senda." Alichomoa njiti moja kwenye ufagio, akaisukuma ndani ya tundu. Ikapita moja kwa moja ikatokea upande wa pili. "Huyu mdudu gani? Amesomea uhandisi?"

"Yanaonekana kama matundu mengine."

"Kwa juu. Mdudu hatoboi, mdudu anakula. Hana haraka wala hana rula. Akikuta pagumu anageuka, akikuta patamu anazunguka. Njia yake imepinda kama utumbo wa bata. Njiti haipiti."

"Profesa hakuona."

"Labda ameona. Na kama hakuona, hapo ndipo pabaya zaidi."

"Akiandika hivyo, hawataniita tena mtoto wa taa," Senda alisema. "Wala wewe hawatakuita. Babu, mimi sikumtukana mtu. Nimemtengenezea baba yako jina."

Mzee Elpidio alikaa juu ya gogo. "Mimi nimezeeka bila kujua kama alifanya au hakufanya. Sikumuuliza mtu hata siku moja, kwa sababu nililiogopa jibu. Sasa amekuja mtu ambaye kazi yake ni kuuliza. Na wewe umempa mti uliolala na kuku."

"Mbona wewe unawauzia watu wa Manila?"

"Ninawauzia mtakatifu. Awe mpya, awe wa kale, ataombwa vilevile." Akaigeuza tena ala, maana jibu hilo halikumtosha hata yeye. "Wewe umetengeneza mtu. Na mtu huyo ni baba yangu. Nikimpata, nataka nimpate yeye."

"Kwa hiyo unanituma nikaseme?"

"Sikutumi."

"Na wewe utaacha kuzeesha?"

"Usibadilishe mada," Babu akasema, akaingia ndani.

Asubuhi Senda alikwenda manispaa na ala chini ya kwapa. Baraza lilikuwa limejaa. Mwalimu Fructuosa alikuwa ameleta darasa, bendi ilikuwepo, na Meya alivaa shati lake jeupe la sherehe. Mama yake Meya, Bi Consorcia, alikuwa kwenye kiti chake cha kubembea pembeni kama kila siku, akifunga wali wa kunata kwenye majani ya mgomba. Watu walisema ni kiziwi, kwa hiyo hawakumsemesha. Nyuma kabisa, penye nguzo, alisimama Mzee Elpidio. Kabla ya siku hiyo hakuwahi kukanyaga baraza lile.

Meya alikuwa katikati ya kueleza jinsi fanusi ilivyoinuliwa. Senda alipenya mpaka mbele. Alijua kwamba akingoja amalize, miguu yake ingerudi nyumbani bila yeye.

"Profesa, ala hii niliichonga mimi," alisema. "Juma lililopita. Nimeipaka chai."

Tarumbeta moja, lililokuwa linajiandaa, likatoa sauti ndogo likanyamaza.

"Nirudishie yai langu," Nonong akasema.

Watu wakacheka, na kicheko kilipokwisha Senda alikuwa bado amesimama palepale. Mwalimu Fructuosa alimshika sikio. Profesa akamwomba Mwalimu amwachie.

"Kwa nini uliichonga?"

"Ili usiandike kwamba Moheng aliinua fanusi."

"Na matundu?"

"Sindano ya magunia. Babu anasema mdudu wangu amesomea uhandisi."

Profesa akaingiza mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa njiti ya ufagio. "Ninayo tangu jana," alisema. "Sikuitumia. Nilikuachia usiku mmoja, na mimi pia nilihitaji usiku huo, kwa sababu nilitamani sana iwe kweli." Akaipitisha njiti kwenye ala, ikatokea upande wa pili. Kisha akageuka, akalitazama kabati la kioo. "Mheshimiwa Meya, nani ana ufunguo?"

"Fanusi haiguswi, Profesa, isipokuwa siku ya mchezo."

"Siku hiyo hushikwa na nani?"

"Na mwigizaji."

"Basi leo nitaigiza."

Ufunguo ukaletwa, bila haraka. Profesa aliiweka fanusi juani, akachagua tundu, akasukuma njiti. Ikapita. Akachagua lingine. Ikapita. Alijaribu la chini, la pembeni, la mgongoni, na kila mara njiti ilitokea upande wa pili imenyooka.

"Mzee," alimwita Mzee Elpidio, "wewe ni fundi. Njoo utazame."

Watu wakampisha. Babu alisogea kama mtu anayekaribia mbwa asiyemjua. Aliinama, akatazama, akaiinua.

"Hii ni kazi ya Fundi Ponso," alisema. "Aliyenifundisha. Alikuwa wa mkono wa kushoto, matundu yake yote yanalalia upande mmoja. Mimi nilikuwa mtoto mdogo wa kumfagilia maranda nilipomkuta nayo mezani. Aliniambia ni taa ya watu wa jukwaani."

"Na hukuitambua humu kwenye kabati?" Meya akauliza.

"Sijawahi kuisogelea. Ungekuwa mimi, ungeisogelea?"

Meya akafuta jasho. "Marehemu baba yangu aliuandika mchezo ule kwa ukweli mtupu."

"Aliuandika kwa penseli," sauti ikasema kutoka pembeni. "Jikoni kwangu, na alinimalizia mafuta ya taa."

Wote wakageuka. Bi Consorcia alikuwa bado anafunga wali wake.

"Mama," Meya alisema, "wewe husikii."

"Nasikia ninachokitaka. Fanusi ilichongwa mwaka wa kwanza wa mchezo. Mume wangu alikuwa na Kapitan anayekufa darajani, lakini kilikuwa kifo cha haraka mno. Askari walikuja, walikuwa wengi, wakampiga risasi, basi. Alisema watazamaji watalala. Akataka msaliti. Moheng alikuwa marehemu, na mjane wake hakuwa na kaka wa kuja kugombana. Tena jogoo wa Moheng aliwahi kumng'oa jicho jogoo wa mume wangu. Hilo hakulisamehe mpaka anaingia kaburini."

"Na miaka yote hii hukusema, Mama?"

"Nani aliniuliza? Mliniomba niwashonee waigizaji suruali."

Profesa alikwenda akachuchumaa mbele ya kiti cha kubembea. "Bibi, kabla ya mchezo kuandikwa, uliwahi kusikia mtu akimtaja Moheng na Wamarekani?"

"Niliwahi kusikia akitajwa na samaki. Alikuwa na samaki wazuri."

Senda hakuweza kusubiri tena. "Kwa hiyo utaandika kwamba alikuwa mtu mwema?"

"Hapana," Profesa alisema. "Sijui kama alikuwa mwema."

Uso wa Senda ulisinyaa, na Profesa aliuona ukisinyaa, lakini hakurudisha neno lake.

"Nitaandika kwamba Kapitan Gavino alipigwa risasi darajani," alisema. "Hilo nimeambiwa sokoni na wanawake ambao mama zao waliuosha mwili wake. Nitaandika kwamba habari ya fanusi ilitoka jukwaani. Kuhusu Moheng, sina hata neno moja la kweli, isipokuwa samaki. Una kitu chake chochote, ambacho hukukichonga wewe?"

Senda alimtazama babu yake. Mzee Elpidio akanyoosha midomo kuelekea nyumbani. Senda akakimbia.

Alirudi na ile kata ya kukumbia maji. Sasa hakujali nani angecheka. Profesa aliishika kwa mikono miwili, kwa muda mrefu kuliko alivyoishika ala. Alipapasa ukingo.

"Imelika upande huu," alisema. "Aliyeitumia alikuwa wa mkono wa kulia. Imelika sana kwa kata ya mti mgumu hivi, kwa hiyo alikumba maji siku nyingi. Mtumbwi wake ulikuwa unavuja, na hakuwa na uwezo wa kupata mwingine. Lakini aliendelea kwenda ziwani."

Mzee Elpidio alicheka kidogo, kisha akageuka upande wa nguzo akabaki hapo, mgongo kwetu. Alikuwa na wajukuu na mvi, na hilo ndilo lilikuwa jambo la kwanza kulijua juu ya baba yake, ukiacha uvuvi.

Mwalimu Fructuosa alikumbuka kwamba yeye ni mwalimu. "Profesa, mtoto huyu alidanganya mbele ya darasa. Siwezi kuliacha."

"Usiliache," Profesa alisema. Akawageukia watoto. "Sikilizeni. Watu wa melini walituandikia uongo wa kutudharau, nami nimetumia maisha yangu kuufuta. Sasa tukijiandikia uongo wa kujisifu, tumebadilisha mwandishi tu. Uongo ni uleule. Nchi yetu haihitaji kupakwa chai. Senda alinipa kitu nilichokitamani, na leo amekuja kuninyang'anya mbele ya watu wote, akijua watamcheka. Bila hilo nisingeomba ufunguo wa kabati. Ningeondoka hapa nikiwa nimekula nguruwe na kuandika uongo mara mbili."

Adhabu ilikuwa kufagia darasa mpaka mwisho wa muhula. Senda hakuona tofauti kubwa na nyumbani. Ala, Profesa aliiomba aende nayo kuwafundishia wanafunzi wake wa chuo kikuu. Alimtaka Senda achonge kwanza mgongoni jina lake mwenyewe na mwaka ule, ili asije mtu mwingine siku moja akafurahi bure. Fanusi ilirudishwa kwenye kabati, na kibao kikabadilishwa: Taa ya Mchezo, Kazi ya Fundi Ponso. Mchezo bado unachezwa. Jina la msaliti lilitolewa, lakini maganda ya ndizi yalibaki, kwa kuwa watu wa Lanotan hawapendi kupoteza kila kitu kwa mara moja. Mzee Elpidio naye alianza kuchonga jina lake na mwaka chini ya miguu ya watakatifu. Alipoulizwa sababu, alisema macho yanamchoka na chai imepanda bei.

Kitabu kilifika shuleni mwaka uliofuata. Senda aliazima nakala kwa Mwalimu Fructuosa, akakimbia nayo nyumbani, akaufungua ukurasa wa daraja letu mezani kwa babu yake, katikati ya maranda. Kapitan alikuwepo. Wanawake walioosha mwili walikuwepo, kwa majina. Mwishoni palikuwa na mstari mmoja, na Senda akausoma kwa sauti: "Miongoni mwa watu wa Lanotan wa wakati ule alikuwapo Hermogenes Madlangsakay, aliyeitwa Moheng, mvuvi wa ziwa, ambaye mtumbwi wake ulivuja."

"Ni hivyo tu," Senda alisema.

Mzee Elpidio aliuchukua mkono wa mjukuu wake, akakiweka kidole chake juu ya mstari ule.

"Ule wako wa ndugu wa Kapitan ulikuwa mzuri kuliko huu," alisema. "Ulinyooka sana. Lakini ungekaa siku zote unaogopa asitokee mtu mwenye njiti. Kwa huu, mwache aje, hata na ufagio mzima. Haupitishi njiti. Sasa nenda ukafagie, maranda yamefika magotini."